Yeye Kibondo, Wewe Dar: Ukimya Una Maana Gani?

Mwezi huu naomba tuongee kuhusu kitu kimoja kinachovunja nyumba nyingi za vijana wa maofisini, na leo siwazungumzii mawifi wala nyumba ndogo. Nazungumzia ukimya. Ule ukimya wa simu!

Unajua vizuri ninachosema. Umetuma meseji saa mbili usiku, tiki imebaki moja. Unapiga, unaambiwa mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Asubuhi hali ni ile ile. Ikifika saa nne umeshamsimulia shosti wako wa ofisini, naye ameshatoa hukumu: "Huyo ana mtu, amka!" Jioni kesi imefungwa, na mshtakiwa hata hajui kama ameshtakiwa.

Ujumbe wa aina hii unanifikia mezani kila mwezi, na mwingi unatoka kwa watu ambao wenza wao wamepangiwa kazi mbali. Kuna walimu, manesi, maofisa wa halmashauri, mainjinia wa barabara, wafanyakazi wa mashirika. Swali lao ni moja: dada, yeye yuko Kibondo mimi niko Dar, akikaa kimya siku mbili nielewe nini?

Kiangazi kilichopita kazi ilinipeleka Kasulu na Kibondo kwa siku tisa, na swali hili nikaenda nalo mfukoni. Jibu nililorudi nalo nimepewa na mama anayeuza maharage, sio na mtaalamu wa ndoa. Ila ili umwelewe yule mama, inabidi kwanza uijue nchi aliyokulia.

Kila nyumba ina mtu wake wa mbali

Ukiliacha ziwa nyuma yako pale Kigoma mjini na kuanza kupanda kuelekea Kasulu, hewa inabadilika. Asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Kushoto migomba, kulia maharage na mahindi, katikati udongo mwekundu. Huku ndiko Buha, nchi ya Waha. Asubuhi utasalimiwa "mwakeye", na ukivuka mpaka pale Mabamba au Manyovu utamkuta Mrundi anaelewana na Muha bila mkalimani.

Sisi wa Dar tukisikia Kibondo tunadhani ndiyo mwisho wa dunia. Kumbe watu wa mkoa huu wameishi na habari za mbali muda mrefu kuliko sisi tunavyofikiri. Chukua Ujiji, pale chini ziwani, ilikokuwa inaishia njia ya misafara kutoka pwani. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, alimkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umetoka Zanzibar, na ulimfikia mwenyewe baada ya kama mwaka mzima. Huko Ulaya wengi walishaamini mzee wa watu amekufa. Kwa hiyo ukimya wa zama hizo ulisomeka kama kifo.

Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Ungetegemea reli iwalete watu karibu, sivyo? Kwa familia za Buha ilifanya mambo mawili kwa mpigo. Ilileta bidhaa, na ikachukua wanaume. Wenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walihitaji vibarua, na mwaka 1944 wakaunda chombo chao cha kuwakusanya kilichoitwa SILABU. Wilaya hizi za Kasulu na Kibondo zilitoa watu wengi mno. Kila kibarua alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba.

Sasa vaa viatu vya mke wa manamba. Mume amepanda treni, mkataba wake ni wa miezi mingi. Hujui kusoma, naye hajui kuandika. Habari inakuja pale tu jirani mwingine anaporudi kutoka Korogwe au Kilosa. Mwaka unapita, wa pili unapita. Amekufa? Ameoa huko? Ametuma pesa na zimeliwa njiani? Wapo waliorudi, na wapo waliobaki huko huko mpaka leo wajukuu zao wanaitwa watu wa Tanga. Yule mke hakuwa na tiki ya kuangalia. Ukimya wake haukuwa na tafsiri yoyote, kwa sababu kila kitu kingeweza kuusababisha.

Redio inayosoma majina

Halafu kuna ukimya wa vita, ambao watu wa mkoa huu wanaujua kwa karibu kwa sababu wamewapokea wanaoukimbia.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 baada ya machafuko ya Burundi. Mwezi Mei mwaka huo, maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama kwenye kijiji cha Kagunga kando ya ziwa, na mmoja wa waliowabeba kwenda Kigoma alikuwa bibi kizee MV Liemba. Meli hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja na treni hiyo hiyo ya Kigoma kuunganishwa upya. Waliiunda kwa ajili ya utawala wao. Miaka mia moja baadaye inapakia akina mama na watoto wanaokimbia risasi. Chombo hakichagui kazi, mtumiaji ndiye anayechagua.

Watu wakikimbia hivyo wanapotezana. Mume kaingia kambi hii, mke yuko ng'ambo, mtoto kaokotwa na jirani. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza kurusha matangazo kutoka Ngara, jirani kabisa na huku. Msalaba Mwekundu nao wana fomu zao za kutafuta ndugu. Fikiria umekaa na redio ya betri usiku, unasikiliza majina ya watu usiowajua, ukisubiri lako moja.

Nimekueleza yote haya kwa nini? Kwa sababu ukiujua ukimya wa aina hiyo, hutakuwa na haraka ya kuuhukumu ule wa WhatsApp.

Kutoka kubipu hadi "na ya kutolea"

Miaka ya 2000 mwanzoni simu za mkononi zikapanda milima kufika huku. Wewe wa rika langu unakumbuka vocha za kukwangua na zama za kubipu. Bipu moja, nimefika salama. Bipu mbili, nipigie. Hatukuwa na hela ya kuongea, lakini tulikuwa na makubaliano. Hilo neno makubaliano lishike vizuri, tutalirudia.

Mwaka 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata. Pesa iliyokuwa inasafiri kwenye soksi ya abiria, sasa inafika kabla hujamaliza kuaga. Na mapenzi ya Kitanzania yakapata sentensi mpya: "Tuma na ya kutolea." Cheka, lakini ndani ya sentensi hiyo kuna upendo mwingi. Anayetuma na ya kutolea amefikiria safari yote mpaka mwisho. Ameshamuona mama yake amesimama kwa wakala akiwa amepungukiwa mia tano.

Barabara nayo imebadilika. Ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, inapita Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe. Wenyeji watakusimulia mvua za zamani, basi limelala kwenye tope na abiria wamelala ndani yake. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ukafika Kasulu na Kibondo, majenereta ya dizeli yakapumzika.

Na usiyadharau mabasi! Pale stendi ya Kasulu nilisimama asubuhi nikaangalia buti likipakiwa. Ndoo za asali, madumu ya mawese, maharage ya njano, ndizi, kila mzigo umeandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene. Mizigo ya biashara ilikuwepo, lakini mingi ilikuwa ya nyumbani, mama kwa mwana, mke kwa mume. Dumu la asali la Kibondo linalofika Ubungo au Mbezi likiwa limefungwa na nailoni mara tatu ni barua ya mapenzi, ila imeandikwa kwa asali.

Nesi na mti wake wa mtandao

Basi ukiangalia hivyo vyote utasema ukimya umekwisha, sivyo? Barabara ipo, umeme upo, mtandao upo. Akinyamaza, amependa mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kibondo nilikutana na nesi mmoja, binti wa Dar kabisa, amepangiwa zahanati ya kijijini mbali na barabara kuu. Mume wake ni mtu wa benki mjini. Kijijini kwake mtandao unapatikana sehemu moja tu, chini ya mti fulani juu ya kilima, na ukitaka data inabidi uinue mkono kama unaapa. Akiwa na mama anayejifungua usiku, hapandi kilima. Akishuka asubuhi amechoka, analala. Siku mbili zinapita.

Huku Dar, mume ana intaneti ya nyumbani, simu mbili na marafiki wanne wenye midomo. Yeye akipiga simu isipatikane, anaona picha za ajabu kichwani. Kwake mtandao ni kama hewa, upo tu. Haelewi mtu anawezaje kuukosa. Walifika mahali pa kutajiana wazee na kikao cha familia. "Dada, alikuwa ananiuliza nilikuwa wapi usiku," aliniambia. "Nilikuwa nazalisha!"

Zamani watu wawili waliotengana wote walikuwa gizani, kwa hiyo walielewana. Siku hizi mmoja yuko kwenye mwanga na mwenzake yuko nusu gizani, na yule wa kwenye mwanga anadhani dunia nzima inafanana na sebule yake. Teknolojia imetuunganisha kweli, ila haijatuunganisha sawasawa. Ugomvi unaota kwenye ile tofauti.

Mama wa maharage

Sasa tumfikie yule mama. Nilimkuta sokoni Kasulu amekaa juu ya magunia, simu ya kitochi mkononi, daftari mapajani. Anapeleka maharage Dar kwa mnunuzi aliyewahi kuonana naye mara mbili tu maishani. Nusu ya pesa inaingia kwenye simu kabla gari halijaondoka, nusu baada ya mzigo kupokelewa. Yaani nusu ya mtaji wake unapanda lori na kwenda kwa mtu ambaye akizima simu, basi tena.

Nikamuuliza, mama, huyo mnunuzi akinyamaza unafanyaje? Hulali?

"Mwanangu, nalala vizuri," akasema. "Mimi sina muda wa kuwaza amenyamaza kwa nini. Tulishapatana kabla gari halijaondoka."

Akanifungulia daftari. Wanaongea kila siku baada ya saa moja jioni, dakika mbili tu, hata kama hakuna jipya. Asipopatikana jioni, mama hafanyi kitu mpaka kesho yake mchana. Mchana akikosekana, anampigia dereva. Dereva akikosekana, kuna kaka wa mnunuzi pale soko la Tandale, namba yake ipo kwenye daftari. Huyo naye asipopokea, mzigo unaofuata hauondoki Kasulu. Hakuna kulia, hakuna kutukanana, hakuna meseji ya mafumbo.

Kwa kweli nilibaki nimeduwaa. Mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu, nikakaa darasani miaka yangu yote nikifundishwa mtoa ujumbe, mpokeaji na kelele za katikati. Huyu mama kwa daftari la shilingi mia tano alikuwa amenifundisha kilichobaki. Ukimya hauna maana yoyote ndani yake. Maana yake mnaipanga nyinyi wawili, mapema, mkiwa bado mnaongea vizuri. Msipoipanga, kila mmoja ataitunga ya kwake, na ya kutunga usiku huwa mbaya siku zote.

Ukimfikiria utaona kubipu kulikuwa hivyo hivyo. Bipu moja ilikuwa na maana kwa sababu tulishapatana. Leo tuna picha, sauti na video, na tumesahau kupatana.

Wawili waliojaribu

Yule nesi na mume wake walifika kwenye kitu kama hicho baada ya kugombana sana. Alfajiri kabla ya kuingia kazini anapanda kilimani mara moja, anatuma neno "nipo". Asipotuma, mume anasubiri hadi jioni, kisha anampigia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye nyumba yake inashika mtandao. Jumamosi akishuka Kibondo mjini wanaongea saa nzima kwa video. Aliniambia miezi minne sasa hajaulizwa alikuwa wapi usiku.

Ila sitakudanganya kwamba daftari linatibu kila kitu. Dada mwingine pale Kasulu, mwalimu wa sekondari, naye walipatana na mchumba wake wa Arusha: Jumatano na Jumapili saa tatu usiku. Mchumba yuko mjini, mtandao anao, umeme anao. Jumapili ya kwanza hakupiga. Jumatano kimya. Jumapili ya pili akapiga saa sita, ana haraka. Ya tatu kimya. Yule dada hakuhitaji mpelelezi wala nywila ya simu ya mtu. Walishapatana, na mwenzake alikuwa anavunja kila mara bila sababu. Aliumia, analia mpaka leo akilisimulia, lakini hakubaki anasubiri miaka kama mke wa manamba.

Umeona? Makubaliano yale yale yalimwokoa mmoja na yakamfungua macho mwingine.

Na wapo wengine ambao ukimya wao hauko mikononi mwao kabisa. Kuanzia miaka ya 2010 maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu walipelekwa kuishi Marekani, Canada na Australia, na wengine katika familia zao wakabaki kambini wakisubiri zamu yao. Januari 2025 Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi, na waliokuwa kwenye foleni wakasimama hapo hapo. Kwa watu kama hao, sauti ya nusu dakika kwenye simu iliyochajiwa kwa tabu ndiyo ndoa yenyewe kwa wiki hiyo. Ukimkuta mtu anairudia sauti moja mara kumi, usimcheke.

Fanyeni hivi

Wewe na mwenzako wa mbali, kaeni chini wiki hii mpatane mambo haya:

• Saa ya kuongea. Iwe fupi, iwe ya uhakika. Dakika tano zinazofika kila siku zinashinda saa mbili za kubahatisha.

• Neno la salama. "Nipo" inatosha, kwa SMS ya kawaida, maana SMS hupenya mahali ambapo data imegoma.

• Muda wa kusubiri kabla ya kuhofu. Mmoja akiwa kijijini, masaa 24 ni kitu cha kawaida. Mkubaliane kwa namba, sio kwa hisia.

• Mtu wa tatu. Jirani, mfanyakazi mwenzake, mwenye nyumba. Namba yake iwe kwenye simu zenu wote wawili, na awe anajua kwamba mnaweza kumpigia. Mtu huyu ni wa kuuliza usalama, sio wa kupeleleza!

• Gharama. Mwenye kipato kikubwa au mtandao mzuri abebe mzigo mkubwa. Kama unataka mwenzako apatikane, mnunulie bando, tena "na ya kutolea".

• Mnachofanya makubaliano yakivunjwa bila sababu. Hili ndilo gumu, ndilo watu wanalikwepa. Lisemeni sasa, mkiwa mnacheka.

Najua wapo watakaosema, dada, mapenzi sio biashara ya maharage. Sawa. Lakini yule mama kampa mtu asiyemjua nusu ya mtaji wake na analala usingizi. Wewe umempa mwenzako maisha yako yote na unakesha unaangalia alionekana mara ya mwisho saa ngapi. Nani kati yenu anaaminiana zaidi na mtu wake?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, ndiyo maana mnatakiwa muamue leo nani yuko karibu na nyoka na atamwita nani.

Kama mna utaratibu wenu wa kuishi mbalimbali unaofanya kazi, niandikie nishirikishe wenzio. Na kama mwenza wako amenyamaza tangu jana, kabla hujampigia shosti, jiulize kwanza kama mlishapatana chochote. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!